Miguu ya matege si rashitisimu kila mara: tuzungumze jeni ya PTH1R, na kwa nini kalsiamu ipimwe kabla ya ampuli ya vitamini D

LaboBukavu (mwanzisha uzi)

Jambo kwenu nyote, wa Ibanda, Kadutu, Bagira na kokote mnakosomea.

Mimi ni laborantini, mpimaji wa maabara, hapa Bukavu. Naleta jambo linaloniuma kazini. Mtoto mwenye matege akiletwa, karatasi ya vipimo mara nyingi haina kalsiamu. Mara nyingine hata karatasi haipo: mama amekwisha kupita famasi, kapewa ampuli ya vitamini D ya kunywa na siro ya kalsiamu, na kwetu anakuja baadaye kwa ajili ya malaria. Kwa watoto wengi dawa ile inafaa, maana matege yao ni ya rashitisimu, mifupa laini ya kukosa vitamini D au kalsiamu. Lakini wako wachache ambao mifupa yao imepinda kwa sababu iliyomo ndani ya jeni, na damu yao tayari ina kalsiamu iliyozidi. Mtoto wa namna hiyo ukimnywesha ampuli, unamuumiza figo huku ukidhani unamsaidia.

Jeni ninayotaka tuifahamu inaitwa PTH1R. Iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3. Inatoa maelekezo ya kutengeneza kipokezi, yaani protini ya asidi amino 593 (vipande vidogo vinavyojenga protini) inayopenya utando wa seli mara saba. Sehemu moja inabaki nje ikisubiri homoni, nyingine iko ndani ikipeleka habari. Vipokezi hivi vimejaa kwenye mifupa, kwenye figo, na kwenye gegedu lililo karibu na ncha za mifupa mirefu, mahali ambapo mtoto anarefukia.

Kipokezi hiki kinapokea homoni mbili. Ya kwanza ni PTH, inayotoka kwenye tezi nne ndogo za shingoni, zilizokaa nyuma ya ile tezi inayovimba mtu akipata goita. Kalsiamu ya damu ikishuka, PTH inatoka. Mifupa inaachia kalsiamu, figo zinaizuia isipotelee kwenye mkojo, zinaitupa fosfeti, tena zinaiamsha vitamini D ili utumbo uvute kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Ya pili ni PTHrP, ndugu yake. Hiyo ilijulikana mwaka 1987, watafiti walipokuwa wanatafuta kwa nini saratani fulani zinapandisha kalsiamu ya damu. Baadaye ndipo ilipoonekana kwamba hata mtoto mzima wa afya anaihitaji: inatengenezwa ndani ya gegedu na kuziambia seli ziendelee kugawanyika, zisikomae upesi. Zikikomaa kabla ya wakati, mfupa unaganda ungali mfupi. Zikichelewa kupita kiasi, gegedu linabaki gegedu na haligeuki mfupa.

Sasa ugonjwa. Mwaka 1934 daktari wa mifupa wa Uholanzi, Murk Jansen, aliandika habari za ugonjwa ambao leo unabeba jina lake. Wanaoupata ni wafupi, miguu imepinda, wanatembea wakiyumba kama bata, mara nyingi macho yamejitokeza na kidevu ni kidogo. Kwa miaka mingi jambo moja lilikuwa halieleweki: kalsiamu ya damu iko juu, fosfeti iko chini, kana kwamba PTH imefurika mwilini, lakini ukiipima PTH yenyewe unaikuta chini au haionekani kabisa. Jibu lilitoka mwaka 1995. Schipani, Kruse na Jüppner walionyesha kwamba kwenye kipokezi, mahali pa 223, asidi amino iitwayo histidini imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na arginini. Badiliko hilo moja linakifanya kipokezi kipeleke habari saa zote, homoni iwepo isiwepo, kama kengele ya mlango ambayo kitufe chake kimekwama. Tezi za shingoni zinaona kalsiamu ni nyingi, zinanyamaza. Haisaidii, kwa sababu kipokezi hakizisubiri tena.

Kwenye radiografia, ncha za mifupa ya mtoto huyo zimechanguka na kupanuka. Ukiweka picha hiyo kando ya picha ya rashitisimu, hata jicho lililozoea linaweza kudanganyika. Damu ndiyo inayotenganisha. Rashitisimu ya kawaida: kalsiamu iko chini au kawaida, PTH iko juu. Jansen: kalsiamu iko juu, PTH iko chini. Ombi langu ni hilo tu. Kabla ya ampuli, damu.

Karibuni tuulizane.

Kine wa Nguba

Asante sana kaka. Mimi ni kine, natibu kwa mazoezi ya viungo, watoto wa matege ninawaona kila juma. Swali langu la kwanza: mtoto wa mwaka mmoja akianza kutembea, karibu wote wana miguu ya upinde kidogo. Tusije tukawatisha akina mama wote. La pili: sisi tusio na labo, kuna alama gani inayoweza kutushtua tukimwangalia tu?

LaboBukavu

Dada, la kwanza umelisema vizuri na naomba wengine walisome. Mtoto anazaliwa na upinde kidogo, na kwa kawaida unanyooka akifika karibu miaka 2. Halafu kwenye miaka 3 hadi 4 magoti yanaingia ndani kidogo, kisha yanajirekebisha. Hapo hakuna ugonjwa. Cha kutushtua ni upinde unaozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kupinda kuliko mwenzake, mtoto kuwa mfupi sana kwa umri wake, viungo vya mikono na magoti kuvimba, au maumivu.

Kwa macho tu, Jansen na rashitisimu vinafanana mno mtoto akiwa mdogo. Lakini kalsiamu iliyozidi ina dalili zake: mtoto anakunywa maji sana, anakojoa sana, tumbo linafunga, anatapika, hana hamu ya kula, amelegea. Mtoto wa matege mwenye hayo, usimwongezee kitu chochote mpaka damu ipimwe. Alama nyingine kubwa ni dawa kushindwa. Rashitisimu ya kweli ikitibiwa ipasavyo, baada ya miezi michache radiografia inaanza kubadilika. Isipobadilika, swali si kuongeza ampuli. Swali ni kama jina la ugonjwa lilikuwa sahihi.

Mama Ushindi

Jambo yako kaka. Mie ni mama wa Bagira. Mutoto wangu iko na miaka mbili na nusu, miguu imepinda sana, na kwenye mukono mufupa umevimba pale karibu na kiganja. Kwa famasi balinipa ampuli, nikamunywesha. Nyuma banasema niongeze ingine. Sasa nikisoma hii naogopa. Na mama mukwe anasema hii imetoka kwetu, juu kwetu kuna mujomba mufupi. Nifanye nini?

LaboBukavu

Mama Ushindi, pole, lakini usiogope. Uvimbe karibu na kiganja ni dalili ya kawaida kabisa ya rashitisimu, na rashitisimu inatibika. Ampuli moja kwa kawaida haimharibu mtoto. Hiyo ya pili isubirishe kwanza. Mpeleke kwa daktari wa watoto, mwombe aandike kalsiamu, fosfeti, albumini, fosfatazi alkalini (ya kuangalia mifupa) na kreatinini (ya kuangalia figo), pamoja na radiografia ya mkono na goti. Mweleze waziwazi kwamba ampuli ilikwisha kunywewa na lini. Mtoto anakula nini nyumbani? Anaoteshwa jua? Anakunywa maji kupita wenzake?

Habari ya mjomba tutairudia, nina neno juu yake.

Mzee Chirimwami

Mwanangu, nimesoma maneno yako yote. Nilikuwa muuguzi vijijini miaka mingi. Ugonjwa huu unaousema ni adimu sana duniani. Sisi huku watoto wetu wanakufa kwa malaria, kuhara na utapiamlo. Mama wa Kadutu anayeuza ndizi apate pesa ya gari, atoe tena pesa ya kupima kalsiamu kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine mimi na wewe hatutauona mpaka tunakufa? Tusiwabebeshe watu mizigo.

LaboBukavu

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kusema wazi. Ni kweli kabisa kwamba Jansen ni adimu, watu walioandikwa kwenye vitabu vya udaktari dunia nzima ni wachache mno. Ingekuwa kipimo kile kinatafuta Jansen peke yake, ningekubaliana nawe na kuufunga uzi leo.

Lakini tazama kitu ambacho bomba moja la damu linaonyesha. Kreatinini ikiwa juu, matege yanaweza kuwa ya figo zilizochoka, na ampuli haitazitibu. Fosfeti ikiwa chini huku kalsiamu ikiwa kawaida na PTH haijapanda sana, huenda ni ule ugonjwa wa kurithi ambao figo zinamwaga fosfeti, na huo unahitaji dawa tofauti. Kalsiamu ikiwa juu, pengine ni ampuli zenyewe zilizorundikana, moja ya famasi, moja ya kituo cha afya, moja aliyotuma shangazi kutoka Goma. Hilo la mwisho si adimu hata kidogo, Mzee. Nimelishuhudia. Kwa hiyo mama wa Kadutu halipii Jansen. Analipia kujua mtoto wake ana nini, na mara nyingi angeokoa pesa aliyokuwa anaitupa kwenye siro.

Na yule mmoja wa nadra akija, ana haki sawa na wenzake.

Mzee Chirimwami

Hapo nimekusikia. La ampuli kurundikana ni kweli, hata kwetu lilikuwepo. Sasa waambie basi jinsi ya kupima vizuri, maana majibu ya labo nayo yanadanganya.

LaboBukavu

Mzee umenigusa mahali penyewe. Hapa nitakaa kidogo, ni kazi yangu, na wanafunzi wa labo waniwie radhi kwa kurudia wanayoyajua.

Kalsiamu haipimwi kwenye bomba lenye kifuniko cha zambarau. Lile la zambarau lina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, na inazuia kwa kuikamata kalsiamu. Ukipimia humo, kalsiamu inaonekana imeanguka, fosfatazi alkalini nayo inaanguka, potasiamu inapanda. Mtoto mwenye kalsiamu iliyozidi anaweza kuonekana ana upungufu, na daktari akiiona karatasi ile anaandika vitamini D kwa moyo safi kabisa. Hata kumimina damu kidogo kutoka bomba la zambarau kwenda jingine kunaharibu jibu. Kalsiamu ni ya bomba la kifuniko chekundu.

Kamba ya mkononi isikae muda mrefu. Mtoto analia, mshipa haupatikani, kamba inasahaulika imekazwa: kalsiamu inapanda kwa uongo.

Tena albumini. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu inasafiri imeshikana na protini, hasa albumini. Huku kwetu watoto wengi wana kwashiorkor, na kwashiorkor inashusha albumini. Basi kalsiamu jumla inaweza kuonekana ya kawaida wakati ile iliyo huru, ndiyo yenye kufanya kazi, imezidi. Hesabu inayotumika ni hii: kwa kila gramu 1 kwa desilita ambayo albumini imepungua chini ya 4, ongeza miligramu 0.8 kwenye kalsiamu. Mfano, kalsiamu 10.2 na albumini 2: unaongeza 1.6, unapata 11.8. Kiasi cha kawaida ni kati ya 8.5 na 10.5 hivi. Karatasi ile ilionekana ni ya kawaida, kumbe sivyo.

La mwisho ni fosfeti. Mashine nyingi zimeandikwa viwango vya watu wazima. Mtoto anayekua ana fosfeti ya juu kuliko baba yake. Fosfeti ya 3 ni nzuri kwa mtu mzima, kwa mtoto wa miaka 2 ni ya chini. Karatasi ikitoka bila nyota ya onyo pembeni, mwenye kuisoma anapita tu. Ninaomba wenzangu wa labo, andikeni umri wa mtoto na kiwango cha umri wake. Kwa mkono, kama mashine haijui.

Mwalimu wa Biolojia

Ndugu, uzi mzuri sana, nitautumia darasani. Naomba ufafanue urithi. Huyu mtoto wa Jansen anaupata kwa baba au kwa mama? Na jeni hiyohiyo ikiharibika kwa upande mwingine, yaani kipokezi kikizimika badala ya kukwama, inakuwaje? Pia nimewahi kusoma kuhusu mtoto wa matege asiye na nywele. Je, ni hiyohiyo?

LaboBukavu

Mwalimu, swali lako la pili ndilo linalonifanya niipende jeni hii.

Jansen kwanza. Nakala moja iliyobadilika inatosha kuleta ugonjwa. Lakini mara nyingi baba na mama wote ni wazima, na badiliko limetokea upya, kwenye yai au mbegu au mwanzoni kabisa mwa mimba. Hakuna aliyelileta. Mtoto huyo akikua na kuzaa, kila mimba yake ina nafasi moja kati ya mbili ya kulirithi.

Kipokezi kikizimika ni habari tofauti. Mtoto akirithi nakala mbili zilizokufa, moja kwa baba na moja kwa mama, anapata ugonjwa wa Blomstrand, ulioelezwa mwaka 1985 na kuunganishwa na PTH1R mwaka 1998. Hapo habari ya PTHrP haisikiki kabisa, seli za gegedu zinakomaa mbio, mifupa inaganda mapema ikiwa mizito na mifupi sana. Watoto hao hufia tumboni au mara tu baada ya kuzaliwa. Baba na mama wenyewe hawana ugonjwa huo, kila mmoja amebeba nakala moja tu. Ndiyo maana unaonekana zaidi pale wazazi wanapokuwa na undugu wa damu, maana watu wa ukoo mmoja wanaweza kuwa wamebeba nakala ileile kutoka kwa babu mmoja.

Katikati kuna ugonjwa wa Eiken. Nayo ni ya nakala mbili, lakini kipokezi hakijafa chote, na matokeo yake yanaelekea upande mwingine: mifupa inachelewa mno kuganda, hasa nyonga, mikono na miguu. Jeni yake ilithibitishwa mwaka 2005. Jeni moja, na mtoto mmoja mifupa inaharakishwa, mwingine inacheleweshwa. Inategemea ni herufi gani ya jeni imebadilika na mahali gani.

Mtoto asiye na nywele ni jeni nyingine, VDR, kipokezi cha vitamini D, kwenye kromosomu ya 12. Mabadiliko yake ya kwanza yalionekana mwaka 1988. Mtoto ana rashitisimu kali, kalsiamu iko chini, vitamini D iliyoamshwa imejaa kwenye damu lakini hakuna wa kuipokea. Wengi wao nywele zinanyonyoka wangali wachanga, kichwani na hata nyusi. Huyo ampuli haimdhuru sana ila haimsaidii; anahitaji kalsiamu nyingi mno, mara nyingine ya kupitia mshipa. Mtoto wa matege mwenye upara tangu uchanga asipewe jina la utapiamlo kwa haraka.

Goma_Meno

Salamu kutoka Goma. Mimi natibu meno. Ninaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: PTH1R inahusu meno pia. Kuna watu ambao nakala yao moja ya jeni hii imezimika, mifupa yao ni ya kawaida, urefu wa kawaida, lakini meno ya nyuma hayatoki. Jino lipo kwenye radiografia, njia yake ni wazi, halina kinachoizuia, ila halipandi. Ilithibitishwa mwaka 2008 kwamba chanzo ni PTH1R. Ugonjwa unapita kwenye familia, baba na mtoto.

Hatari yake ni hii: ukilivuta jino hilo kwa waya za kunyoosha meno, halitembei. Linaweza kushikamana na mfupa wa taya, na meno mazuri ya jirani ndiyo yanayovutwa na kuharibika. Kwa hiyo kabla ya kufunga waya, ulizeni: baba je? Shangazi je? Mdomo unapoacha nafasi pande za nyuma, meno ya juu na ya chini hayagusani, acheni waya kwanza.

LaboBukavu

Daktari, asante sana. Kwangu mimi hilo la meno ni zuri kwa sababu linaonyesha jeni ileile inaweza kuua mimba, au kumzuia mtu tu asitafune vizuri.

Neema wa Essence

Samahani kuuliza. Nyumbani kwetu kijijini kuna watoto ambao miguu iliharibika ghafla, wanatembea kwa vidole. Watu wanasema ni muhogo. Ni ugonjwa huu?

LaboBukavu

Hapana, dada Neema. Hiyo inafanana na konzo. Konzo inatokana na muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa penye njaa ya protini, na kwetu Kivu Kusini imeonekana upande wa Burhinyi. Inakuja kwa ghafla, mtoto aliyekuwa mzima anaamka miguu imekaza, pande zote mbili. Mifupa haijapinda, mishipa ya fahamu ndiyo iliyoumia. Kalsiamu haina kazi hapo. Waambie wapeleke watoto kwenye kituo cha afya, na muhogo ulowekwe siku za kutosha, wasifupishe hata pakiwa na njaa.

Kine wa Nguba

Kaka, niulize la matibabu. Ikithibitika ni Jansen, tunafanya nini? Na nimesikia kuna dawa ya mifupa ya wazee ambayo ni PTH yenyewe. Mbona PTH ijenge mifupa ya mzee na iharibu ya mtoto?

LaboBukavu

Dada, umeuliza kitu kizuri. Dawa hiyo ni teriparatidi, vipande 34 vya mwanzo vya PTH ambayo kwa ukamilifu ina 84. Marekani iliiruhusu mwaka 2002 kwa watu ambao mifupa imepungua uzito. Siri yake ni muda. Inachomwa mara moja kwa siku, kipokezi kinaamka saa chache kisha kinapumzika, na mwili unajenga mfupa. Kipokezi kikiamshwa mchana na usiku bila kupumzika, mfupa unabomolewa kuliko unavyojengwa. Kwa mtoto wa Jansen hakuna saa ya kupumzika.

Dawa ya kumponya bado haipo. Kuna molekuli zinazokituliza kipokezi kilichokwama, zimejaribiwa kwa panya waliowekewa badiliko lilelile. Kwa sasa kinachofanyika ni kulinda figo: maji ya kutosha, hakuna ampuli wala siro ya kalsiamu, kuangalia kalsiamu ya damu na ya mkojo, ultrasauti ya figo kutafuta mawe. Kuna dawa za kupunguza kubomoka kwa mfupa, daktari ndiye wa kuamua. Miguu inanyooshwa kwa upasuaji, na hapo nyinyi makine mna kazi kubwa, maana magoti na nyonga hukaza.

Kipimo cha jeni chenyewe ni ghali, si cha kumwambia kila mtu. Lakini kalsiamu ya juu na PTH ya chini kwa mtoto mwenye radiografia ile, ambaye hajanyweshwa ampuli nyingi, inatosha kubadilisha matibabu leo, jeni ipimwe isipimwe.

Sasa lile la mjomba. Mama Ushindi, kama unasoma bado: mtu mfupi kwenye ukoo si ushahidi wa lolote. Ufupi unaojulikana zaidi, ule wa mikono na miguu mifupi na kichwa kikubwa, unatoka kwenye jeni nyingine, FGFR3, na wengi wao wazazi wao ni warefu wa kawaida. Matege ya rashitisimu yanatoka kwenye chakula na jua. Jansen, mara nyingi, haitoki kwa baba wala kwa mama. Nasema hivi kwa sababu najua maneno yanavyoanza. Leo wanasema imetoka kwenu, kesho wanasema mama amelogwa au mtoto mwenyewe ni mulozi, na mtoto anafichwa ndani, hapati jua wala shule. Baba wa mtoto, kama yupo, na asome uzi huu mwenyewe.

Papa Ushindi

Nimesoma. Ni mimi baba. Tulienda jana, majibu tumepata leo. Kalsiamu 8.1, albumini 3.9, fosfeti 3.0, kreatinini ni nzuri, fosfatazi iko juu sana. Daktari anasema ni rashitisimu, ila anaona shida ni kalsiamu ya chakula kuliko jua, juu mtoto anacheza inje kila siku. Kwetu tunakula bugali ya muhogo na sombe (majani ya muhogo), maziwa hakuna. Na mama yangu nimemuambia hayo maneno ya mujomba yaishe.

LaboBukavu

Papa Ushindi, mmefanya vema sana, na majibu yanaelekea huko kweli: kalsiamu chini, fosfeti chini kwa umri wake. Hii si Jansen. Daktari wenu ameona vizuri. Nigeria, kwenye jua tele, kulikuwa na watoto wengi wa namna hiyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, iliwaponya zaidi kuliko vitamini D peke yake. Kwa hiyo ampuli bila kalsiamu isingemfikisha mbali. Fuateni kipimo alichoandika daktari, msiongeze cha famasi.

Kwa chakula, sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, waliwe na mifupa yake. Kwa mtoto mdogo watwangwe wawe unga, uchanganywe kwenye uji au mboga kila siku. Fungu dogo linafika mbali namna hiyo kuliko kuwakaanga.

Mama Ushindi

Asante kaka. Sambaza nitanunua kesho kwa soko. Banasema turudi labo nyuma ya miezi mitatu, na radio ingine ya mukono. Nitawaambia bachukue bomba ya kifuniko nyekundu.